Mtani Hajataja Fidia

Ileje, 18 Juni 2023

Kwako mtani wangu Sadoki, mtoto wa shangazi,

Pokea salamu za huku mlimani. Sisi tunaamka. Shemeji yako Tusekile anakusalimu, anasema umwambie shemeji Irene kwamba yule jogoo aliyempa amekuwa mbabe, juzi kapigana na mbwa na mbwa ndiye aliyekimbia. Mama anaendelea, ila tangu tumzike baba anakula kama mtu anayeonja tu. Maharage tumevuna, siyo mengi. Kaburi linaanza kutulia, tutalijengea kiangazi hiki Mungu akipenda.

Naandika barua kwa sababu simu yangu imezima, na kwa nini imezima unajua wewe. Anayekuletea ni Sebastian wa kosta. Usimzungushe, mpe majibu arudi nayo.

Sasa mtani. Siku ya kuondoa matanga ulipanda kwenye paa langu mbele ya ukoo mzima, ukashusha sola yangu, ukaipakia kwenye gari na kupiga kelele, "Mwenye nayo aje na mbuzi!" Watu walicheka. Mama naye alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, na kwa hilo nakushukuru. Mtoto wa shangazi ndiyo kazi yake msibani. Mimi nilijua utabeba kitu, nilidhani utabeba kiti cha baba.

Lakini mtani akichukua kitu anataja fidia, inalipwa, kitu kinarudi. Wiki ya tatu hii hujataja. Ukisema mbuzi, ni mbuzi. Ukisema kuku, Tusekile anakupa yule jogoo na ugomvi wake wote.

Unajua utaratibu wetu. Anayedai mara mbili kanuna, na anayenuna kwenye utani kashindwa. Basi mimi nimedai mara moja.

Mtani wako,
Yonasi


Chapwa, Tunduma, 2 Julai 2023

Kwako Yonasi mla maharage,

Barua imefika, na Sebastian kaisoma njiani, nimeona alama za mafuta ya maandazi. Hapa wazima. Irene anakohoa kidogo, ni vumbi la malori. Binti yetu Gloria kapata kazi ya kuandika mizigo kwa wakala mmoja hapo mpakani, siku hizi anatuongelesha Kiingereza mezani. Shangazi yako, mama yangu, magoti bado. Biashara ndiyo hii hii, Wazambia wanavuka, wanashika paneli, wanasema kwa heshima ya kwao, "mukwai, punguza," napunguza, wanaondoka.

Kuhusu hicho unachokiita sola. Kwanza ile siyo sola, ni dirisha la mjomba ulilolibandika vigae. Pili usisahau lile boksi la kuunganisha mwenyewe nilikupa mimi. Lilikaa dukani mwaka mzima, wateja wakifungua wakaona seli nyembamba kama biskuti na mikanda ya bati, wanalifunga. Nilikupa wewe nikacheka mpaka nyumbani. Nilisema huyu mkulima atavunja seli zote kabla ya chai.

Fidia usiniharakishe. Kitu kama kile hakitajiwi kwa mdomo mkavu. Nipo natafakari. Kiko salama dukani, rafu ya juu.

Mtani wako mwenye kitu,
Sadoki


Ileje, 30 Julai 2023

Mtani,

Salamu. Mama kapata nafuu, juzi kaenda mwenyewe kisimani akarudi anawagombeza watoto, tukajua amepona. Tusekile yuko shambani wakati naandika.

Kutafakari kwako naona kunachukua muda kuliko kutengeneza yenyewe. Na kwa taarifa yako seli nilizovunja ni tano tu, na kwenye boksi lako kulikuwa na za ziada sita. Hukuzihesabu, muuza sola mzima.

Nina jambo. Mzee Nikodemo wa Ndalambo, yule mrefu wa kamati ya kanisa, alikuja kwenye matanga na akaona taa zangu. Sasa kanisani kwao hawana umeme, wanataka taa za kanisani na nyumba ya mchungaji. Ameniambia wangependa nitengeneze mimi, hata vijana wao wajifunze kwa kuniangalia. Lakini kamati ni kamati, wanataka waione sola yenyewe mchana ikipimwa. Nimewaambia iko kwa mtani wangu Tunduma, na Tunduma kwao ni karibu kuliko huku. Watapita dukani kwako mwezi huu unaokuja.

Watolee juani, wapimie kwa mita yako. Wewe unajua kuongea na wateja, mimi nikiulizwa mara mbili nasahau jina langu. Kazi hiyo ndiyo naitegemea nijengee kaburi la baba kabla ya mvua.

Hapa sijakudai. Nimekuomba uonyeshe tu. Sola ibaki huko huko mpaka kutafakari kwako kuishe.

Yonasi


Chapwa, 3 Septemba 2023

Kwako binamu Yonasi,

Salamu sana. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na jino. Nimeling'oa, upande wote wa uso ukavimba, wateja wakawa wananiambia pole kama nimefiwa. Irene kikohozi kimeisha. Kwaya yao imealikwa Chitete, wameshona sare za zambarau, nyumba nzima ni nyuzi. Gloria mzima. Foleni ya malori wiki hii imekuwa ndefu, madereva wanapika chini ya matela, jioni Chapwa yote inanuka vitunguu. Magoti ya mama ni yale yale, nimemtafutia dawa ya kupaka upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Nimempa Sebastian sukari kilo tano na kitenge cha mke wa mjomba, mama yako, ni kitenge kizuri cha Zambia. Usimwambie ni cha nini, mwambie tu ni cha mimi kumkumbuka.

Dukani watu wanapita wengi, kila mtu na lake. Sola yako ipo.

Binamu, mimi nakushauri kama kaka. Kilimo usikiache. Haya mambo ya umeme yana watu wake, leo unawaka kesho umezima, wewe unabaki na lawama. Kahawa yako ya shambani haina lawama.

Sadoki


Ileje, 24 Septemba 2023

Ndugu Sadoki,

Habari. Huku tupo.

Sukari imefika. Kitenge mama amekipokea, amekiweka sandukuni.

Mzee Nikodemo alinitumia mtu. Anasema sola yangu ilitolewa juani mbele ya wanakamati watatu na mita ikasoma sifuri. Nimemjibu sawa.

Kwenye matanga iliwasha taa siku zote, ikachaji simu za wafiwa na za waliokuja kula tu. Viungo vya ile sola nilivichoma kwa chuma nilichokuwa napasha kwenye jiko la mkaa, kimoja kimoja, seli zimelala kwenye godoro letu na Tusekile analala kwa mama karibu mwezi ili mtu asizikalie. Risasi ya kuungia niliyochoma mimi naijua. Lakini nimejibu sawa.

Kaa nayo. Fidia usitaje tena.

Wasalimie nyumbani.

Yonasi Yesaya


Chapwa, 12 Novemba 2023

Kwako Yonasi,

Nakusalimu wewe, shemeji Tusekile na mama. Hapa mvua ya kwanza imenyesha jana, vumbi limekaa. Wote wazima. Sitaki kuongeza habari nyingine, maana nimeona nikianza habari za nyumbani najificha humo humo mpaka karatasi inaisha.

Umeniita Ndugu Sadoki. Miaka yote umeniita mwizi, mchawi, mla rushwa wa mpakani, nguruwe wa Tunduma. Ndugu hujawahi. Nilipoisoma nilikaa kwenye kreti nyuma ya duka, mteja akaita mpaka akaondoka.

Yonasi, sola yako niliizimisha mimi.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, usiniachie sehemu ya kujitetea. Nilipoishusha kwenye paa lako ulikuwa utani kweli. Nilicheka na watu. Lakini nilipofika Tunduma, kesho yake niliitoa nje nikaweka mita. Nilikuwa naomba isome kidogo. Nakwambia ukweli, niliomba kama mtu anavyoomba mvua. Mshale ukapanda volti kumi na nane na kitu. Nikashusha paneli ya dukani, ya kiwandani, ina muhuri na cheti, nikaweka pembeni yake. Zimepishana kidogo tu. Dirisha la mjomba. Nikarudisha rafuni. Ndiyo maana fidia sikutaja. Ningetaja ungelipa, ingerudi kwako, ingewaka.

Akaja Mzee Nikodemo. Alitangulia kupiga simu kwamba kesho wanapita. Jioni ile nilifunga mlango wa duka, nikaigeuza, nikakata silikoni ya nyuma kwa wembe, nikafunua ubao, nikakata mkanda mmoja katikati ya seli mbili. Mmoja tu. Unajua zinavyokaa, zimeshikana mikono mstari mmoja, ukimwachanisha mmoja zote zinalala. Nikabandika silikoni mpya, nikaipaka vumbi isionekane mpya.

Asubuhi walikuja watatu. Nikaitoa mwenyewe juani. Mzee Nikodemo akasema, "Mbona haisomi?" Nikasema, "Ndiyo kazi za mikono hizi, mzee." Akasema, "Lakini msibani ilikuwa inawaka." Nikasema, "Msibani hata mwanga wa kibatari unaonekana mkubwa." Wakacheka. Nilikufanya wewe kichekesho cha watu, kwa kitu kilichowapa mwanga wa kumlilia mjomba. Na nikawauzia paneli za kwangu.

Utani huchukua mchana, ukoo unaona. Nilichofanya siku ile nilikuwa nimefunga mlango. Kwa hiyo siyo utani, na wewe hukununa. Ulikuwa sahihi kuacha kuniita mtani.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza na nimeshindwa kupata sababu ya maana, nimepata ya kijinga tu. Mwezi wa nne nilikuja kumwona mjomba akiwa amelala mgonjwa. Nilibeba machungwa. Nilipoingia chumbani taa yako inawaka ukutani, nyeupe, na mjomba akasema, "Karibu, Sadoki, karibu kwenye mwanga wa Yonasi." Basi. Neno lile. Mimi ndiye ninayeuza mwanga mkoa mzima. Mimi ndiye nilimletea taa ya kwanza, ile ya bluu yenye kisola kidogo, unaikumbuka, miaka miwili kabla. Ilizima mvua zilipoanza. Nikainama kuweka machungwa chini nikaiona, iko uvunguni, imejaa vumbi. Nikaona mjomba kaitupa uvunguni na mwanga wako kaupa jina.

Mjomba ndiye aliyenisomesha darasa la sita na la saba nikiwa kwenu. Tulilala kitanda kimoja mimi na wewe. Kila alichonipa nilikuwa napima nione chako kikoje. Shati langu na shati lako. Kipande changu cha nyama na chako. Nilidhani nimekua, kumbe nimenenepa tu.

Mwezi wa kumi nilikwenda Ndalambo kufunga zile paneli. Zilipowaka kanisani watu walipiga makofi, mchungaji akaniita mbele, akaweka mkono kichwani kwangu, akaombea mikono ya fundi. Irene alikuwepo na kwaya yake, walialikwa huko pia. Nilitazama chini. Tulipofika nyumbani Irene akaniuliza, "Mbona ulikuwa kama mtu anayepimwa kaburi?" Nikamwambia yote. Akasema, "Na mimi niliimba." Mpaka leo chai ananiwekea mezani, hanipi mkononi.

Mzee Nikodemo sijamwambia. Naogopa. Nimeanza kwako, ingawa kwako ndiyo ningetakiwa niogope zaidi.

Sikuombi uniite jina lolote.

Sadoki


Ileje, 21 Januari 2024

Kwako mwizi,

Barua yako ilikaa kwa Sebastian wiki tatu, barabara ilikatika kwenye daraja akawa anaishia ng'ambo. Ikakaa kwangu zaidi. Nilimsomea Tusekile, akasema nisijibu. Nikakaa. Krismasi ikapita. Mama akaniuliza mbona Sadoki hajaleta salamu mwaka huu, nikasema barabara.

Sisi wazima. Mahindi yamefika kiunoni. Kaburi la baba bado udongo, mvua imelilaza upande mmoja, nimeweka mawe.

Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Kuna siku nilitaka nije na kosta nikupige hapo hapo dukani mbele ya Wazambia wako. Tusekile akasema nenda, nikaona kumbe na yeye anataka, ndipo nikaacha.

Mimi nilijua mkanda umekatwa. Kilichonisumbua ni kwamba ulijua ukate wapi. Kumbe uliitazama kazi yangu vizuri kuliko mtu yeyote.

Sasa sikia habari ya ile taa ya bluu, maana umeiandika vibaya. Baba hakuitupa. Ilipozima nilimwambia niifungue, ni betri tu imekufa, saa moja nimemaliza. Akakataa. Nilipopata lile boksi lako na nikawa najua kazi, nikamwambia tena. Akasema, "Iache hapo. Sadoki ndiye aliyeileta, Sadoki atakuja kuitengeneza. Ukiitengeneza wewe, yeye atakuja huku kufanya nini?" Kila gari likiunguruma huko chini alikuwa ananiambia niisogeze karibu na mkono. Siku uliyokuja na machungwa alikuwa ameniambia niitoe. Nilisahau. Wewe ukakaa dakika chache ukasema una mzigo mpakani unakusubiri.

Na mimi nikwambie la kwangu. Sikusahau. Taa yangu ilikuwa inawaka na nilitaka uione peke yake. Kwa hiyo usidhani wewe peke yako ulikuwa unapima nyama.

Mtani akichukua anataja fidia. Wewe umeshindwa, nataja mimi. Sola yangu uifungue mwenyewe, uunge ule mkanda kwa mkono wako, siyo umpe kijana wa dukani. Uipeleke Ndalambo, uipime juani mbele ya wale wale watatu, na umwambie Mzee Nikodemo ulivyoniandikia mimi. Usipunguze.

Halafu taa iko uvunguni bado. Kitanda hatujakitoa.

Yonasi


Chapwa, 11 Februari 2024

Kwako mtani wangu Yonasi, kama unaniruhusu,

Irene anawasalimu. Gloria anasalimu. Mama magoti, lakini anasema mwezi wa tatu atakuja hivyo hivyo, hata kwa kubebwa.

Niliunga mkanda. Nilijaribu kwa chuma cha umeme cha dukani, nikaunguza kona ya seli moja. Nikakuta kweli ni kazi. Nikakaa nayo mpaka ikashika, kovu utaliona, sikulificha.

Alhamisi nilikwenda Ndalambo. Nimewakuta wote watatu, wanapalilia shamba la kanisa. Nikaiegemeza kwenye mti juani, nikaweka mita. Mzee Nikodemo akainama, akatazama mshale, akasema, "Imefufuka." Nikasema, "Haikufa, mzee. Niliinyonga mimi." Nikasema yote, mpaka la wembe na la vumbi. Yule mfupi wa kamati akaniuliza, "Na siku mchungaji anakuombea mikono ulikuwa unawaza nini?" Nikamjibu nilikuwa nawaza ataishika mikono yangu aone nilichofanya. Hakucheka mtu.

Mzee Nikodemo akachukua jembe lake akaendelea kupalilia. Nikadhani ndiyo imeisha. Akafika mwisho wa mstari, akageuka, akasema, "Nyumba ya mchungaji bado ina giza. Hiyo ni kazi ya Yonasi. Mwambie aje mwenyewe, na wewe uje umbebee kioo." Nimesema nitabeba. Sola wameomba ibaki huko kwa mchungaji mpaka utakapokuja, na wametaka kuandika jina lako nyuma. Nimewapa kalamu.

Sitakudanganya kwamba moyo umesafika. Walipokuwa wanaandika lile jina niliangalia pembeni, kuna kitu kilinichoma hapa hapa pa siku zote. Nimekuandikia ujue. Ukiniona nimenyamaza mbele ya taa zako, nitukane tu, nitarudi.

Jumamosi nakuja na Sebastian. Nabeba betri ndogo, risasi, na saruji ya kaburi. Hiyo saruji siyo fidia, ni ya mjomba wangu. Nakuja na chuma kisicho cha umeme, unifundishe kupasha kwenye mkaa.

Ile taa usiiguse. Usiipanguse hata vumbi. Niachie.

Mtani wako,
Sadoki